Mbegu za chinsaga (mgagani) za mama zimebaki kidogo sana, nipange vipi msimu huu?

Nyaboke_MN (Minnesota), Januari 9

Habari zenu wapendwa. Nimetoka shifti asubuhi hii, nje ni digrii 24 chini ya sifuri, shule zimefungwa sababu ya baridi kwa hivyo watoto wote watatu wako ndani na mimi usingizi umekataa kabisa, nikaona wacha niteremshe boksi la mbegu kutoka juu ya kabati nianze kupanga mambo ya bustani na chai yangu hapa mezani.

Sasa shida yangu ni hii. Niko na ploti kwenye bustani ya jamii, futi 20 kwa 20, na ndoo kama nane hivi nyuma ya nyumba. Mwaka jana nilipanda kila kitu wikendi ya Siku ya Akina Mama mwezi wa tano kwa sababu niliona majirani wote wa pale bustani wako bize wanapanda. Sukuma ilishika vizuri mpaka nikagawia watu wa kanisa, terere (mchicha) ilichelewa lakini ikaja, managu (mnavu) nilipata kiasi. Lakini chinsaga haikuota hata moja. Nilirudia wiki mbili baadaye, nayo ikatoa miche minne myembamba kama uzi halafu ikakauka yote.

Na hizo mbegu si za kununua, ni za mama. Mama yuko Kisii, magoti yamekataa, shamba sasa wamepanda mahindi na majani chai na ile chinsaga yake ya shina la zambarau haiko tena pale nyuma ya jikoni. 2021 nilipoenda nyumbani alinipatia kwenye kikopo, nikazipeleka KEPHIS, wale wakaguzi wa mimea wa serikali ya Kenya, nikapata ile karatasi ya afya ya mimea ndo nikaja nazo. Nimekuwa nikipanda kidogo kidogo na sijawahi kufanikiwa kuvuna mbegu zangu. Leo nimemimina kwenye sahani na hazijazi kijiko cha chai. Nimeziangalia nikalia kidogo, niseme tu ukweli.

Kwa hivyo naomba ushauri. Nizianzishe ndani ya nyumba kama nyanya ama ningoje? Nipande zote ama niweke zingine? Na je bado ziko hai kweli baada ya miaka yote hii? Halafu pia kama kuna mtu ana kalenda yake ya kupanga mbegu za nyumbani kwa huku kwenye baridi tafadhali anieleze anavyohesabu, maana vipeperushi vya huku vinaongea mambo ya letasi na njegere tu, havijui chinsaga ni nini.

Na nyinyi mnaendeleaje na hii winta? Bili ya gesi imenishtua mwezi huu.

---

Kinangop_Lowell (Massachusetts), Januari 9

Pole dada Nyaboke na shifti za usiku, mke wangu pia yuko kwa nyumba ya wazee najua hiyo kazi vile inachosha. Sisi huku theluji imefika kwa magoti, nimekoroga uji ndo nikaona post yako.

Kwanza usiogope kuhusu kijiko cha chai. Mbegu ya saga, hiyo chinsaga yako, ni ndogo sana, kwa hicho kijiko uko na mamia ya mbegu, kwa hivyo unaweza kutoa 20 ukazijaribu sasa hivi badala ya kukaa na wasiwasi mpaka mwezi wa sita. Chukua tishu ya jikoni, ilowanishe halafu uikamue isiwe inatiririka maji, panga mbegu 20, kunja, weka kwa mfuko wa plastiki wa zipu, andika tarehe, weka mahali penye joto. Juu ya friji ni pazuri. Angalia kila siku mbili ukiona imekauka unanyunyiza kidogo. Zikiota 10 unajua nusu ziko hai, zikiota 4 unajua lazima upande nyingi zaidi mahali pamoja. Mimi hufanya hivi kila Januari na mbegu zote za zamani, na huwa naanza na za kitunguu kwa sababu hizo ndo hufa haraka, mwaka mmoja au miwili zimekwisha. Nyanya inaweza kukaa miaka minne mitano bila shida ikiwa mahali pakavu.

Kuhusu kalenda mimi nahesabu kinyumenyume. Unajua ile tarehe ya frosti ya mwisho ya mji wako, yaani baridi ya kugandisha inayoua miche? Nyinyi Minnesota upande wa Minneapolis ni kama nusu ya kwanza ya Mei kwa wastani lakini mwaka mwingine inakuja baada ya hapo. Ukishaijua unarudi nyuma. Hoho, pilipili na biringanya, pamoja na nyanya chungu kama unakula, wiki 8 mpaka 10 kabla. Nyanya wiki 6 mpaka 8 na usiharakishe, mimi mwaka wa kwanza nilianza Januari na mwezi wa nne nilikuwa na nyanya ndefu kama kamba zinaegemea dirisha na hazina nguvu. Sukuma wiki 4 mpaka 6, na hiyo unaweza kuitoa nje mapema hata kabla ya frosti kuisha kwa sababu inavumilia. Managu mimi huihesabu kama nyanya kwa sababu ni za ukoo mmoja.

Sasa kitunguu ndo nataka nikwambie vizuri kwa sababu kilinipotezea miaka miwili. Nilikuwa natafuta Red Creole, ile tulizoea nyumbani. Nikapanda, ikatoa vitunguu vidogo kama gololi. Nikafikiri ni mbolea, nikaongeza samadi, mwaka uliofuata vilevile. Kumbe ni urefu wa siku! Kitunguu huanza kutengeneza tunguu kulingana na masaa ya mwanga. Kwetu mchana ni masaa 12 mwaka mzima, na Red Creole ni ya siku fupi, ikifika huku inakutana na siku ndefu ikiwa bado mche mdogo inaanza kufunga hapohapo haijapata majani. Kwenu Juni jua linatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri na linazama saa tatu usiku! Tafuta aina za siku ndefu, Patterson ama Walla Walla, uzisie Februari ndani. Tangu nibadilishe napata vitunguu vya kukaa mpaka Krismasi.

Saga sijawahi kuotesha vizuri mimi mwenyewe kwa hivyo wengine watasaidia, lakini kama ningekuwa wewe ningeanzisha ndani kwa vikombe, kwa joto, halafu nipandikize Juni.

---

Mwamini_wa_Bukavu (Portland, Maine), Januari 10

Jambo dada, jambo kaka wa Lowell. Miye niko Portland, natoka Bukavu, na hii mambo ya kulilia mbegu naielewa sana. Miye nililia siku niliona lengalenga, mchicha wetu, imeota yenyewe kwa uwanja mwaka wa pili, sikupanda mtu hakupanda, mbegu zilianguka tu zikalala chini ya theluji na ikatoka. Nilipiga simu kwa dada yangu saa hiyo hiyo nikamuonyesha kwa video.

Nataka kuongeza vitu ambavyo watu wengi wapya hawaambiwi. Kwanza kama uko na kadi ya EBT, ile ya msaada wa chakula wa serikali, unaweza kununua mbegu na miche ya chakula nayo, imeruhusiwa tangu 1973, si kitu cha kuficha wala kuogopa, mradi duka linapokea kadi. Familia nyingi zetu wanapita karibu na ile stendi ya mbegu kila siku na hawajui. Pili nenda uulize maktaba ya mji wenu, maktaba nyingi ziko na droo za mbegu za bure, unachukua pakiti unapanda na ukiweza unarudisha mbegu mwisho wa msimu.

Tatu, majagi ya maziwa. Watoto watatu najua mnamaliza majagi mengi. Usiyatupe. Kata katikati karibu izunguke yote ubaki na sehemu ndogo inashikilia kama bawaba, toboa matundu chini, weka udongo kama inchi nne, mwaga mbegu, funga na gundi ya karatasi ile ngumu, mfuniko uache wazi na uweke nje kwa theluji. Ndiyo, nje, Januari! Theluji inayeyuka inaingia kwa kile kitundu cha juu inanyeshea mbegu, na mbegu inajua yenyewe siku ya kutoka. Inafaa kwa sukuma, spinachi, dania, kabichi, vitunguu. Lakini usiweke chinsaga wala bamia wala nyanya za maana humo, hizo ni watoto wa jua. Kwangu ilisaidia kwa sababu apatimenti yetu ni ndogo na madirisha yote yanaangalia ukuta wa jirani, sina mahali pa taa.

Hiyo chinsaga yenu majirani Warwanda wanaita isogi, wanaipenda sana. Na upande wa Lewiston kuna Wabantu wa Somalia, wengine wao Wazigua, wana mashamba kabisa kule Wales, hapa hapa Maine, wanalima mahindi yao na mboga. Miye nilienda kuona siku moja, nikasikia wazee wanaongea Kizigua katikati ya mahindi na hewa ya baridi ya Septemba, sikutaka kurudi nyumbani.

Na bili ya kupasha nyumba joto, aa, tusiongee. Tunavaa sweta ndani.

---

Nyaboke_MN, Januari 10

Asanteni jamani mmenipa moyo. Mbegu 20 tayari ziko juu ya friji, mtoto wangu wa pili ndo ameandika tarehe na amesema yeye ndiye daktari wao. Majagi nimepata sita, jirani pia ananiwekea yake.

Kaka wa Lowell hiyo ya kitunguu imenifungua macho, nimekuwa nikifikiri udongo wangu ni mbaya. Na ile mbaazi niliyopanda mwaka juzi ikawa mti mkubwa bila ua hata moja mpaka baridi ikaiua, hiyo pia ni siku ndefu?

Kuna lingine. Binamu yangu anakuja Machi na anasema ataniletea mbegu za chinsaga za sokoni Kisii, ataweka tu ndani ya begi kati ya nguo. Nimemwambia angoje niulize kwanza.

---

Kinangop_Lowell, Januari 10

Ndiyo mbaazi pia inangoja siku zifupike ndo ichanue, na huku siku zikifupika baridi iko mlangoni. Wacha hiyo, panda maharagwe ama kunde za muda mfupi.

Binamu mwambie ASIWEKE kati ya nguo. Watu wa forodha wakizipata hajazitaja zinachukuliwa na anaweza kupigwa faini, na si kwamba wanatuonea, mdudu ama ugonjwa mmoja ukiingia na mbegu unaweza kuharibu mashamba ya watu. Njia ziko mbili. Moja ni ile uliyofanya wewe, karatasi ya KEPHIS. Ya pili wewe uliye huku unaomba USDA, wizara ya kilimo ya Marekani, kibali cha mbegu za kiasi kidogo. Kila pakiti ni aina moja, isizidi mbegu 50 ama gramu 10, pakiti zisizidi 50 kwa mzigo mmoja, ziwe safi bila udongo wala nyama ya tunda, zisiwe zimepakwa dawa, na ziandikwe jina la kisayansi na nchi zilikotoka. Zinapita kituo cha ukaguzi kwanza ndo zinakufikia. Saga andika *Cleome gynandra*. Kwa mbegu za saga gramu 10 ni nyingi mno, hutazimaliza. Lakini anza kuomba sasa, usingoje Machi, na kabla hujatuma soma masharti kwa kila mmea maana kuna mimea ambayo kibali hicho hakiihusu.

---

Mzee_Bustani_Tengeru (Arusha), Januari 11

Mwanangu Nyaboke, shikamoo zote nimezipokea hata kama hujaniamkia maana hukujua nipo. Mimi ni mstaafu, niko Tengeru, nimelima mboga za asili karibu maisha yangu yote na mgagani, hiyo mnayoiita chinsaga, ndio mboga ninayoipenda kuliko zote. Nimesoma yote mliyoandika, nina machache ya kusema, na moja nitamkosoa kidogo kijana wa Lowell kwa upendo.

Mgagani haupendi kuhamishwa. Una mzizi mkuu unaokwenda chini moja kwa moja, ukiugusa mmea unadumaa au unachanua haraka ukiwa bado mdogo, unakupa majani mawili matatu basi. Nyanya ukiihamisha inashukuru, mgagani unanuna. Kwa hiyo kusia ndani kwenye trei halafu kupandikiza kwa kung'oa, hapana. Kama ni lazima aanze ndani basi atumie vikombe vya karatasi vinavyooza, aingize ardhini na kikombe chake mche ukiwa na wiki tatu tu usizidi. La sivyo asie mbegu palepale shambani.

Lakini kilichomuangusha mwaka jana siyo kupandikiza, ni ubaridi wa udongo. Mei kwenu hewa inaweza kuwa na joto la kuvua koti lakini udongo chini bado umelala. Mgagani ni mmea wa joto kweli, unataka udongo uwe digrii 20 na kitu na zaidi, ndiyo maana hapa kwetu Juni na Julai wakati wa kipupwe hata sisi unatusumbua, unaota kwa kusuasua, na hapa baridi yetu ni ya kuvaa sweta tu. Nunua kipimajoto cha udongo, hata kile cha nyama cha jikoni kinafaa, chomeka kina cha kidole asubuhi siku tatu mfululizo. Ukiona asubuhi mapema kinasoma digrii 18 au 20, panda. Huko kwenu nadhani ni Juni. Kama unataka kuharakisha tandika plastiki nyeusi juu ya tuta wiki mbili tatu kabla, udongo unapata moto. Na zile ndoo zako usizidharau, ndoo nyeusi iliyopigwa jua inapata joto kuliko ardhi.

Ile miche minne iliyotoka ikawa kama uzi ikaanguka, angalia shina kwenye usawa wa udongo. Kama lilisinyaa na kuwa jeusi hapo ni kinyausi, ugonjwa wa fangasi wa kitaluni, unapenda udongo wa baridi na maji mengi na miche iliyosongamana. Mwagilia asubuhi tu, siyo jioni, na usipande kina, nusu sentimita inatosha, funika kidogo na udongo laini.

Sasa habari ya mbegu. Jambo ambalo wengi hawalijui, mbegu ya mgagani iliyovunwa leo ukiipanda leo haioti vizuri, inalala kwanza miezi kadhaa. Kwa hiyo umri kidogo siyo adui yake, adui ni unyevu na joto la stoo. Mama zetu walichanganya na majivu wakaweka kwenye kibuyu juu ya meko, walijua wanachofanya, majivu yananyonya unyevu na wadudu hawayapendi. Wewe tumia chupa ya kioo yenye mfuniko mzuri, weka frijini, na siku ya kuitoa iache kwanza ipate joto la chumba kabla hujafungua, vinginevyo hewa ya chumba inaingia na umande unashika mbegu.

Usipande zote. Gawa mafungu matatu, moja lipande mwaka huu, moja liache frijini, moja mpe mtu unayemwamini anayeishi mji mwingine. Na katika zile za mwaka huu tangu siku ya kwanza chagua miche kumi iliyo bora, ifunge uzi mwekundu, hiyo usiichume hata jani. Iliyobaki chuma na kila ukiona kichwa cha ua kata, utaendelea kupata majani. Hapo ndipo watu wanakosea, wanachuma bustani nzima halafu mwisho wa msimu wanatafuta mbegu. Ganda lake ni jembamba refu, likianza kuwa la njano chuma usingoje likauke kabisa, linapasuka lenyewe na mbegu inamwagika yote. Weka kwenye mfuko wa karatasi likaukie ndani. Mwezi wa tisa ukiona baridi inakuja na maganda bado ya kijani kata mmea mzima uutundike ndani kichwa chini, yaliyokuwa yamekomaa yatamalizikia hapo.

Kama kuna jirani anapanda mgagani wa shina la kijani muombe awe mbali, nyuki wanachanganya, na hilo shina la zambarau la mama yako ni la kutunzwa. Hapa Arusha World Vegetable Center wana benki ya mbegu za mboga za Kiafrika, nimeona kwa macho yangu namna zinavyohifadhiwa, na kila aina iliyomo ilitoka jikoni kwa mama fulani.

---

Bi_Zuhura (Muscat), Januari 12

Assalaam alaykum nyote. Mie nacheka kwa furaha tu nikisoma hapa, maana nyie Januari mko na theluji na mie Januari ndio bustani yangu imenawiri khasa. Huku Oman mambo ni kinyume, sisi mbegu tunatia kuanzia mwezi wa tisa wa kumi na baridi yetu ndio neema yetu, sasa hivi nina nyanya, bilingani, figili, kotmiri, mchicha wa kizungu na wa kwetu, na vitunguu. Ikifika Mei kila kitu kinaungua, tunabaki na bamia na mlonge na kisamvu changu kilichotoka Unguja. Kwa hiyo nyie mnapanga mbegu mkisubiri jua, na mie Juni na Julai nakaa ndani na kiyoyozi na daftari langu nasubiri jua lipunguze. Kumbe tunafanya jambo moja.

Babu wa Tengeru amesema yote, mie naongeza la daftari. Tangu 2016 nina daftari moja la skuli, kila mbegu naandika nimeitoa kwa nani, nimetia lini, imeota siku ya ngapi, na tumeila siku gani. Siandiki mambo makubwa. "Bamia za Bi Mkubwa, zimeota siku ya 5, Ramadhani ilianza." Basi. Ukifungua mwaka wa pili unajua la kufanya kuliko kitabu chochote, maana kitabu hakijui ua lako lina kivuli wapi. Na bamia Nyaboke kama unapanda roweka usiku mmoja kabla.

Na jingine mwanangu, usipande kila kitu. Mie mwanzo nilikuwa natia aina thalathini, nusu hatuzili. Kaa na watoto wako uwaulize mboga gani wanataka kuiona mezani. Ukiwa na kazi ya usiku na watoto watatu, aina saba ulizozishughulikia zitakulisha kuliko ishirini zilizokushinda palizi.

---

Mwamini_wa_Bukavu, Januari 12

Bi Zuhura hiyo ya daftari naanza leo. Shukrani.

Na dada Nyaboke, fungu la tatu la mbegu kama hujapata mtu, miye niko Maine, mbali na wewe, hata nyumba yako ikipata mafuriko mbegu ziko kwangu. Nitazitunza kama za mama yangu mwenyewe.

---

Kinangop_Lowell, Januari 12

Mzee wetu shikamoo, na nimekubali kukosolewa, nilikuwa nafikiria saga kama managu. Sasa nimeelewa hata zangu zilikuwa zinanikataa kwa nini, nilikuwa nazing'oa kwenye trei kwa nguvu kabisa.

---

Nyaboke_MN, Januari 23

Shikamoo Mzee wa Tengeru, shikamoo Bi Zuhura, na poleni nimekawia, wiki mbili hizi nimefanya shifti za watu wawili kwa sababu wenzetu waliugua mafua, nikirudi nalala na sare ya kazi.

Ripoti ya daktari wa mbegu. Siku ya nne hakuna kitu. Siku ya sita hakuna kitu, na nikaanza kujiandaa moyo. Siku ya nane mtoto ameniamsha saa sita mchana, mama amka amka, kuna mkia! Mbegu mbili zilikuwa zimetoa mzizi mweupe mdogo. Leo siku ya 14 zimeota 7 kati ya 20. Saba! Nimehesabu mara tatu. Si nyingi lakini ziko hai, na Mzee nitapanda nyingi kwa shimo moja kama mlivyosema hapo juu halafu nipunguze.

Hizo 7 sikuweza kuzitupa. Nimeziweka kwa vikombe vya karatasi chini ya taa, najua ni mapema mno na hazitafika Juni, lakini nataka watoto waone jani la chinsaga linavyofanana kama mkono ulionyoosha vidole, hawajawahi kuliona likiwa hai.

Mpango wangu nimeuandika kwa daftari la mtoto. Majagi ya sukuma na dania yako nje tayari, manne yamefunikwa na theluji kabisa sioni ila midomo yake. Vitunguu vya siku ndefu nitasia Februari wikendi ya pili. Managu na hoho Machi, nyanya mwisho wa Machi. Chinsaga hakuna kugusa mpaka kipimajoto kiseme, na plastiki nyeusi nitatandika wiki ya Memorial Day, mwisho wa Mei. Nimewauliza watoto wanataka nini, mkubwa amesema mahindi ya kuchoma, wa pili amesema chochote lakini awe daktari, mdogo amesema stroberi. Kwa hivyo tuna aina tisa, na pilipili yangu ni ya kumi.

Kibali cha USDA nimeshaomba, binamu ameambiwa angoje.

Mbegu nimegawa mafungu matatu kwenye chupa ndogo za viungo. Mwamini nitakutumia ujumbe wa faragha unipe anwani, lako liko tayari na nimeliandika "shina la zambarau, Kisii, 2021".

Jana nilimpigia mama nikamwambia habari ya saba kati ya ishirini. Alinyamaza kidogo halafu akaniuliza kama huku napata maziwa mazuri ya kupikia, yale yenye malai, maana chinsaga bila maziwa na bila kulala usiku mmoja kwenye sufuria yeye haihesabu kama imepikwa. Nikamwambia maziwa yapo mama, majagi kwa majagi.